Kivuna mtetemo cha mabonde mawili: hatimaye kinavuka

Kinavuka! Kivuna hiki ni utepe unaogeuza mtetemo kuwa umeme; sumaku mbili zinazosukumana zinaipa ncha yake sehemu mbili za kutulia, yaani mabonde mawili. Kwa mtikiso wa 3 m/s² katika masafa ya 6 Hz, ncha inatoka bonde moja hadi jingine kila mzunguko na haichoki. Kilichokwamisha mradi huu si sumaku, si gundi, si saketi. Ni uzito wa ncha yenyewe.

Vipimo, kwa anayetaka kulinganisha: utepe wa chuma cha springi 0.3 × 12 mm, urefu huru 120 mm. Bamba la PZT-5H (kauri inayotoa umeme ikipindwa) la 30 × 10 × 0.2 mm kwenye shina, kapasitansi 45 nF. Sumaku ya neodimiamu ya 10 × 5 mm kwenye ncha, na pacha wake mbele yake, zikisukumana. Ugumu ni kama 14 N/m. Bila sumaku ya pili, masafa ya asili ni karibu 10 Hz.

Utepe ulikuwa umelazwa bapa, ukipinda juu na chini. Nyuso za sumaku zikiachana kwa 20 mm, ncha inakaa chini tu, ukiiinua, inarudi. Zikisogezwa hadi 16 mm, bonde la juu linatokea, lakini halina kina, na ncha ikishatulia chini haipandi tena. Milimita zote za katikati zilijaribiwa, wapi!

Hesabu ndiyo iliyoumbua. Sumaku zikichukuliwa kama nukta, kwa 20 mm kilima kati ya mabonde (nishati ya kuvukia) kina 0.05 mJ tu, na mabonde yameachana kama 13 mm. Ncha pamoja na sehemu yake ya utepe inavuta chini kwa 0.041 N. Zidisha: 0.53 mJ. Uzito unakizidi kilima mara kumi, kwa hiyo bonde la juu halikuwa dogo, halikuwepo kabisa. Kwa 16 mm kilima kinafika 0.6 mJ: bonde linarudi, ila sasa mtikiso hauwezi kulipanda.

Dawa: geuza kishikio nyuzi 90, utepe usimame kwa ubavu na upinde kushoto na kulia. Upande wa wima ugumu wake ni mara 1,600, uzito hauna la kufanya. Spika inayokitikisa kivuna wakati wa kupima nayo ilazwe, la sivyo unatikisa upande usiopinda.

Upogo uliobaki unatoka kwenye sumaku ya mbele. Ifunge juu ya skrubu ya shaba ya M4 inayoisogeza kando. Robo mzunguko ni 0.175 mm. Gusa ncha kidogo ikiwa kila bonde, soma masafa mawili, zungusha skrubu mpaka yalingane. Boliti za chuma zisikaribie. Utepe wenyewe nao unavutwa, ndiyo maana hesabu ya juu ni ya kukadiria.

Amplifaya za muziki hazifai kuiendesha spika hiyo. Nyingi zina kapasita kwenye njia ya mawimbi, na chini ya 20 Hz zinakula nusu ya unachotaka kupima. Tafuta inayopitisha hadi DC (0 Hz). Na proubu ya osiloskopu iwekwe ×10: kwenye ×1 ina 1 MΩ, na mzigo (rezista inayopokea umeme wa bamba) wa 590 kΩ unageuka 370 kΩ bila wewe kujua.

Hiyo 590 kΩ ni 1/(2πfC), f ikiwa 6 Hz na C ikiwa 45 nF za bamba. Usiiunganishe mapema. Anzisha mvuko bila mzigo, kwa kusukuma ncha na kijiti, kisha shusha rezista taratibu. Ukianza na mzigo, nishati inayovunwa inapunguza mwendo na ncha inabaki ikitetema ndani ya bonde moja.

Hatua iliyofuata ilikuwa LTC3588-1 (chipu ya kukusanya umeme wa kivuna) na kapasita ya akiba. Imeahirishwa, kwa sababu kijiti ni udanganyifu: kivuna kinapaswa kuanza kuvuka chenyewe. Wazo jipya: koili kuzunguka sumaku ya mbele, mpigo wa umeme uidhoofishe kwa muda. Ikipungua nguvu kwa 10% tu, kilima kinashuka kutoka 0.05 hadi 0.02 mJ. Hiyo inahitaji ampea-mizunguko kama 500: mizunguko 200, 2.5 A. Kwa waya wa 0.3 mm, mpigo wa 80 ms unakula zaidi ya joule 1, yaani karibu saa 3 za mavuno kwa kivuna cha mikrowati 100. Ghali mno. Waya mnene zaidi na mpigo mfupi zaidi. Koili ya kwanza itafumwa kwa 0.5 mm.