Friwili Iliyogoma Kutoka: Nilivyoifungua kwa Vaisi na Gurudumu Lenyewe

Spoku ikikatika upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma, unanunua nyingine, unaipitisha kwenye tundu lake, unakaza nipeli, ile nati yake ndogo kwenye rimu, na safari inaendelea. Ikikatika upande wa kulia, upande wa cheni, mambo ni mengine. Friwili, lile duara la meno linalovutwa na cheni, imekaa mbele ya matundu ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na spoku mpya haina pa kupitia mpaka friwili itoke. Na friwili iliyokaa miaka mingi kwenye baiskeli ya mizigo haitoki kwa kubembelezwa.

Mjomba wangu hubeba maziwa kutoka Yala hadi Luanda, huku magharibi mwa Kenya, kwa baiskeli ya Black Mamba aliyoinunua kabla pikipiki hazijajaa barabarani. Ni ile ya kawaida: tairi za inchi 28, breki za vyuma, spoku 32 mbele na 40 nyuma. Mitungi ya maziwa hukaa kwenye karia, kwa hiyo gurudumu la nyuma ndilo linaloelemewa, na spoku za upande wa cheni huumia zaidi kwa sababu zimevutwa kwa nguvu kuliko za kushoto. Zilipoanza kukatika moja baada ya nyingine, alilipakia gurudumu kwenye matatu likanifikia hapa Nyamasaria, Kisumu, na simu ikafuata.

"Mpwa wangu, spoku ni kitu kidogo. Lakini hiyo habu usiniharibie. Siku hizi hawatengenezi za namna hiyo."

Alikuwa na haki. Habu ni ya chuma kizito, na katikati ina kitundu cha kutilia mafuta chenye kifuniko cha springi. Nilipoitoa ekseli, gololi za robo inchi, tisa kila upande, zilikuwa bado zinang'aa. Kitu kama hicho hukitupi kwa sababu ya friwili.

Kabla ya kushika nyundo ni vizuri kuelewa kwa nini friwili hukwama, maana wengi hupigana nayo wakidhani ni kutu peke yake. Friwili haijafungwa kwa nati. Imezungushwa kwenye thredi za habu, yaani mifereji kama ya skrubu, kipenyo karibu milimita 34.8, thredi 24 kwa inchi, na inakazwa kwa mwendo wa saa ukiitazama kutoka upande wa cheni. Pedali nazo huizungusha upande huohuo. Maana yake ni kwamba kila ukikanyaga, hasa ukipanda kilima na mzigo, unaikaza zaidi. Mjomba amekuwa akiikaza hii kwa mguu wake kila asubuhi kwa miaka. Hakuna spana ya nyumbani inayoweza kushindana na hesabu hiyo kirahisi.

Kuna na jambo la pili, ambalo ndilo huwachanganya watu. Ukiyashika meno ya friwili kwa cheni au kwa spana ya bomba ukavuta kinyume cha saa ili kuifungua, yanazunguka bure. Ndiyo kazi ya friwili, kuzunguka bure upande huo. Kwa hiyo meno hayana msaada wowote. Unachotakiwa kukishika ni kiini cha ndani, kile kilichoshikana na habu, na hicho kimejificha.

Watengenezaji walilifikiria hilo, wakaacha pengo mbili kwenye kiini ambamo kifaa maalumu chenye meno mawili huingia. Nilikwenda soko la Kibuye Jumapili kukitafuta. Vilivyokuwepo vingi ni vya friwili za gia, zile zenye mikato midogo mingi kwa ndani. Cha meno mawili nilikipata hatimaye kwenye rundo la vyuma kuukuu, lakini nilipokijaribu nyumbani niliona pengo zenyewe zimeshaliwa. Kuna mtu aliwahi kuzipiga tindo, kingo zikapinda kama midomo. Kifaa kilikaa sekunde moja kisha kikaruka. Nilikikandamiza kwa nati ya ekseli ili kisiruke, ambavyo ndivyo inavyopaswa kufanywa, nikakibana kwenye vaisi, kile kibanio cha mezani, nikavuta. Jino moja la kifaa likakatika. Basi, njia hiyo ikafungwa.

Nililaza gurudumu, friwili ikiwa chini, nikamimina dizeli kidogo nyuma yake, pale inapokutana na habu, nikaacha usiku kucha na kurudia asubuhi. Dizeli hupenya polepole lakini hupenya, na ni rahisi kuliko dawa za kopo.

Ushauri nao haukukosekana. Fundi mmoja wa karibu na stendi alisema nikate spoku zote, nibaki na habu tupu, kisha nitaishika vizuri. Kwangu huo ndio ushauri mbaya kuliko wote, ingawa unasikika wa busara, na nimeuona ukiharibu kazi nyingi. Rimu ndiyo mpini wako. Gurudumu la inchi 28 linakupa mkono wa sentimita 35 hivi kila upande wa katikati, na unaweza kulishika kwa mikono miwili, hata watu wawili. Ukikata spoku umetupa wenzo mkubwa kuliko wote ulio nao, kisha unabaki na kipande cha chuma cha duara kisicho na mahali pa kushika. Kwa hiyo hata zile zilizobaki nzima niliziacha zilivyo, na tairi nikaliacha na upepo wake ili viganja vipate kushika.

Jirani yangu mchomeaji vyuma alikuwa na wazo bora kidogo. "Omera (ndugu yangu), niletee niigandishe," alisema, akimaanisha apige pointi chache za kuchomelea kati ya meno na kiini, ili friwili isizunguke tena na meno yashikike kwenye vaisi. Inafanya kazi, na joto la kuchomelea husaidia kulegeza. Lakini cheche na moto karibu na habu ya mjomba sikuvitaka wakati huo, na zaidi ya hapo nilidhani nina njia isiyohitaji umeme wa mtu. Friwili ilikuwa imeshachakaa, meno yake yamekuwa makali kama mapezi ya samaki. Ikivunjika si hasara. Nikaamua kuifungua kutoka nje kwenda ndani.

Uso wa friwili una bamba la duara lenye vitundu viwili vidogo. Bamba hilo ndilo linalofunika kila kitu, na thredi zake ni za kinyume: linafunguka kwa mwendo wa saa. Ziko hivyo kwa sababu baiskeli ikiteremka bila kukanyagwa, meno hubaki nyuma ya kiini na kuliburuta bamba kinyume cha saa. Kama thredi zingekuwa za kawaida, bamba lingelegea lenyewe njiani. Alama za tindo kwenye vile vitundu zilionyesha kwamba aliyetangulia alipiga upande wa kawaida. Alikuwa analikaza, maskini, na bila shaka alijiuliza kwa nini chuma hiki kina kiburi.

Niliweka ncha ya sentapanchi, kile chuma cha kugongea alama, kwenye kitundu, nikailaza kidogo ielekee mwendo wa saa, nikagonga kwa nyundo ya ratili mbili. Mapigo mafupi na makavu hufaa kuliko mapigo ya hasira, kwa sababu ni mtikisiko unaovunja kutu. Nikahamia kitundu cha pili, nikarudi cha kwanza. Bamba lilisogea upana wa ukucha, kisha likawa la kuzungushwa kwa vidole.

Hapo weka karai chini. Gololi za friwili ni ndogo, moja ya nane ya inchi, na ziko safu mbili, moja chini ya bamba na nyingine nyuma. Ukilinyanyua duara la meno bila karai, utaziokota sakafuni mpaka Krismasi. Chini ya bamba kulikuwa na shimu, yaani washa nyembamba za chuma, na ndani ya duara vile vijino viwili vyenye springi vinavyofanya sauti ya trrr baiskeli ikiteremka. Grisi ilikuwa imegeuka lami. Kuku wa jirani walikuja kuchungulia gololi, nikawafukuza, maana wangezimeza.

Sasa kiini kilikuwa wazi, kimeshikana na habu. Nilikibana kwenye vaisi iliyofungwa kwenye meza kwa bolti nne, gurudumu likiwa juu limelala kama usukani. Nikavuta. Kikateleza. Kiini ni cha duara, na chuma chake kimefanywa kigumu kwa moto ili vijino visikile. Tupa inateleza juu yake kana kwamba ni glasi. Hapo ndipo nilipomwomba jirani grinda yake. Nikakata nyuso mbili bapa, moja mkabala na nyingine, bila kugusa habu. Miwani ni lazima kwa kazi hii, na pia kitambaa juu ya matundu ya habu ili vumbi la chuma lisiingie kwenye vikombe vya gololi.

Nikabana tena, safari hii kwenye zile nyuso bapa, nikaongeza bomba fupi kwenye mpini wa vaisi ili taya zishike kweli. Kwanza tulijaribu baridi, mimi na jirani, kila mmoja upande wake wa tairi. Meza ilisogea, friwili haikusogea. Tukaisukuma meza mpaka ukutani.

Kisha joto. Nilifuta dizeli yote kwa kitambaa na sabuni kabla ya moto, na hilo silihesabu kama hiari. Nikafunga kitambaa kibichi kwenye habu ibaki baridi, halafu jirani akapitisha mwali wa gesi kwenye kiini tu, akizunguka. Chuma cha kipenyo cha milimita 35 kikipata joto la nyuzi 100 zaidi hupanuka karibu milimita 0.04, chini ya unene wa unywele. Ni kidogo, lakini thredi zilizoshikana kwa kutu hazihitaji zaidi ya hapo. Muhimu ni kiini kipate moto kuliko habu, si vyote viwili pamoja. Mwenye baiskeli ya habu ya alumini ajue kwamba kwake mambo hugeuka: alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma, na kwa kuwa iko ndani, ukiipasha yote utakuwa unaikaza.

"Sasa, omera, pole pole halafu kwa pamoja," jirani akasema.

Ukitazama kutoka juu, friwili ikiwa chini kwenye vaisi, gurudumu huzungushwa kinyume cha saa. Tulilivuta likalia, sauti kavu kama bunduki ya watoto, nikadhani spoku nyingine imekwenda. Haikuwa spoku. Mzunguko wa pili ulikuja kwa mkono mmoja, na wa tatu kwa vidole.

Thredi za habu zilikuwa na vumbi jekundu tu. Brashi ya waya na mafuta taa vilizisafisha, na hakuna hata moja iliyokuwa imeng'oka. Spoku mpya nilizinunua za urefu uleule, nikazipitisha, nikanyoosha rimu kwa kuliweka gurudumu kwenye fremu iliyopinduliwa na kutumia raba za breki kama kipimo cha mtikiso. Friwili mpya ya meno 18 nilipaka grisi kwenye thredi, tena nyingi, nikaianza kwa mkono kabisa. Thredi hizi ni nyembamba. Ukiianza mshazari na spana umeharibu habu ambayo umehangaika kuiokoa. Sikuikaza. Mjomba ataikaza mwenyewe kilima cha kwanza.

Alipolipokea gurudumu alilizungusha hewani, akasikiliza trrr, akauliza ile friwili ya zamani iko wapi. Nikamwambia imebaki gololi na duara. "Gololi niletee," akasema. Nilimpelekea kwenye kikopo cha majani ya chai, na nikamwagiza akaze spoku tena baada ya wiki ya kwanza ya maziwa, kwa sababu mpya hulegea zikishazoea mzigo.