Riwaya Niliyoingoja

Mwaka 2016 nilipata habari kwamba mwandishi nimpendaye kuliko wote ametoa riwaya mpya baada ya kimya kirefu. Adhuhuri hiyohiyo niliomba ruhusa kazini, nikapanda tuktuk hadi Moi Avenue, hapa Mombasa, na kuinunua. Jina lake sitalitaja. Ni mtu mzima, na heshima yangu kwake haijapungua.

Nilimjua kupitia kwa ami yangu, aliyekuwa na nakala ya riwaya yake ya kwanza, imechakaa hadi jalada likashonwa kwa uzi. Mle mna ukurasa ambao sijausahau tangu utotoni. Kijana arudi nyumbani usiku wa manane, siku kadhaa hajulikani aliko. Mamake hamgombezi wala halii. Amwambia tu, "Chakula ki chini ya kawa," kisha aingia chumbani kwake. Kijana afunua kawa, akuta wali wa leo, samaki wa leo, na kipande cha ndimu kilichokauka kikawa kigumu. Kumbe mama alikuwa akimpakulia kila usiku, na ndimu ni ileile ya usiku wa kwanza. Mwandishi hakulieleza hilo. Aliniachia mwenyewe nilione, na nililia.

Hiyo mpya niliianza kwenye feri ya Likoni, nimesimama katikati ya watu na mikokoteni. Usiku ule, nyumbani, nikafikia mahali penye mama mwingine na kijana mwingine aliyechelewa. Mama huyu alisimama mlangoni akammiminia mwanawe methali: asiyefunzwa na mamaye, mchelea mwana kulia, samaki mkunje angali mbichi, mtoto umleavyo. Zote kwa pumzi moja! Sijapata kumsikia mama wa Likoni wala wa Kibokoni akigomba hivyo. Wa kwetu angesema, "Hebu kaa hapo nikuulize," nawe ungetamani ardhi ikumeze.

Na si yeye peke yake. Fisadi aliitwa Mlafi, binti mwema Busara. Kila aliyefungua kinywa alitoa maneno yaliyo tayari kukatwa na kuandikiwa chini yake, "Eleza muktadha wa dondoo hili." Niliimaliza kwa sababu ni yake. Ya mtu mwingine ningeiweka chini mapema.

Kesho yake baada ya Alasiri nilimpelekea ami kule Mji wa Kale. Alikuwa barazani, muuza kahawa keshampita na dele lake.

"Waonaje?" akaniuliza.

"Ami, hiki kimeandikiwa mtihani."

Hakupenda. Alinikumbusha kwamba Kiswahili ni somo la lazima kwa kila mtahiniwa wa kidato cha nne, na mwaka ule walikuwa zaidi ya nusu milioni. Riwaya ikiteuliwa kwa karatasi ya tatu, ya fasihi, inauzwa nchi nzima kwa miaka kadhaa. Isipoteuliwa, hukaa dukani ikafifia rangi. "Mwandishi naye ana watoto, mwanangu."

Hilo nalikubali, na simlaumu mtu kwa kutafuta riziki. Lakini kijana wa kidato cha tatu naye ana moyo. Mimi nilikuwa mdogo kuliko huyo niliposoma habari ya ile ndimu, na hakuna aliyehitaji kunieleza.

Ami alikaa nacho wiki nzima. Aliponirudishia alikuwa mnyonge kuliko mimi. "Hata leso hubeba jina moja, msemo mmoja tu," akasema, "huyu mama kabebeshwa manne."

Nilimwandikia mwandishi barua kupitia kwa mchapishaji. Sikumsimanga. Nilimsimulia jinsi ami alivyonisomea ukurasa wa kawa, nikamwambia kwamba wasomaji wake wa zamani bado tupo na tunaweza kusoma bila kuelezwa. Jibu halijaja. Kingine kikitoka nitakinunua, na ami ameniagiza nimchukulie na chake.