Ndege iliyoikosa Mwanza

Jumamosi, saa tano usiku.

Leo nimepuliza rangi ya kijani mgongoni mwa ndege yangu ya plastiki, ya kuunganisha vipande kwa mkono, na kabla haijashika, vidudu vya ziwani vikaingia. Mtu wa Mwanza ananielewa: vile vinavyoinuka majini kama moshi, kisha vinafuata taa za watu. Dirisha la jikoni nililiacha wazi. Nimekaa saa nzima na kibano cha nyusi cha dada yangu nikitoa kimoja kimoja, na kila kilichotoka kimeacha alama ya miguu na mbawa kwenye rangi. Kesho ni msasa wa maji, namba 2000, halafu bawa la kushoto naanza upya.

Ndege yenyewe ni Tupolev Tu-22 ya Wasovieti, ya kuangusha mabomu, kipimo cha 1/72, yaani mara 72 ndogo kuliko ile halisi. Ile halisi ilizidi mita 41 kwa urefu. Hii yangu inafika sentimita 58 hivi, yaani sangara halali kabisa mbele ya afisa uvuvi. Injini zake mbili hazimo kwenye mabawa wala tumboni. Zimebandikwa juu, kwenye shina la mkia, moja huku nyingine huku, kama vile fundi alizisahau akazikumbuka wakati wa kufunga kazi. Kwa hiyo uzito umelemea nyuma, na usipojaza kitu puani, inakaa kitako pua ikitazama dari. Nilikwenda Mwaloni kutafuta chubwi, zile risasi za nyavu. Muuzaji akaniuliza navulia kambi gani. Nikatabasamu tu, maana kumweleza kungechukua asubuhi nzima.

Boksi alinitumia binamu yangu kutoka Uingereza, alilipata kwa mtu aliyekuwa anahama nyumba. La zamani. Plastiki nzuri bado, ila stika za maji zilikuwa zimezeeka. Nilipozilowesha zikapasuka vipande vipande kama ganda la yai. Ningekuwa natengeneza ndege ya Marekani ningelia, kwa yale maandishi yao madogo madogo. Lakini hii ni ya Libya. Mwaka 1977 Gaddafi alikasirishwa na safari ya Sadat kwenda Jerusalem, akaitupa bendera iliyokuwepo na kuweka kijani kitupu, na alama ya ndege zake nayo ikawa duara la kijani, basi. Nikakata duara kwenye karatasi ya kubandika kwa bikari ya mtoto wa jirani, nikapuliza. Dakika kumi. Sijawahi kupata alama rahisi hivyo.

Mama ndiye aliyeniuliza swali gumu. Alikuja Jumatano na dagaa wake, akaiona mezani bado ni ya kijivu, praima tupu, akainama kuisogelea.

“Hili nalo ni lipi?”

Nikamwambia. Sikutaka kumdanganya.

Mwishoni mwa Machi 1979, majeshi yetu yakiwa ndani kabisa ya Uganda yakipigana na Idi Amin, Gaddafi, aliyemuunga mkono Amin, alimpa Mwalimu Nyerere saa 24 ayaondoe. Mwalimu hakuyaondoa. Ikaja Tu-22 ya Libya kupiga matangi ya mafuta ya Mwanza. Ikakosa mji. Ilichopiga ni kisiwa cha Saanane, ambacho miaka ile kilikuwa bustani ya wanyama. Mtu mmoja akajeruhiwa, swala kadhaa wakafa. Wiki mbili baadaye Kampala ilikuwa imeanguka na Amin amekimbia. Watu wa Mwanza huisimulia habari hii wakicheka, na mimi nimeicheka tangu nikiwa mdogo: Gaddafi alitangaza vita na swala.

Mama haichekei. Alikuwa na miaka kumi, wanaishi Kirumba. Anakumbuka baba yake akibandika magazeti meusi kwa masizi kwenye dirisha ili taa ya chemli isionekane nje, na bibi akiwakataza kukohoa, kana kwamba rubani angesikia. Anakumbuka kishindo walichodhani ni radi, maana Machi hapa radi si habari. Halafu watu wakaanza kutoka nje na kuulizana.

“Matangi yangewaka,” alisema, “wewe usingekuwepo kuyachezea haya.”

Alisema kwa upole, akaendelea kutoa dagaa mfukoni. Mimi nikajibu kitu kuhusu historia, kwamba watoto waijue. Jibu la kujikosha. Ukweli ni kwamba naipenda ndege hii, na kadiri ninavyoipiga msasa ndivyo ninavyozidi kuipenda. Wasovieti wenyewe waliiita Shilo, yaani msharasi wa fundi viatu, na ukipitisha kidole kutoka puani hadi mkiani unaelewa. Miezi minne nimeishika kila usiku. Mshono wa tumboni nimeujaza puti mara tatu. Kitu ukikihangaikia hivyo unakizoea, hata kama kilikuja kukuua.

Kuna usiku mmoja nilipaka viti. Watu watatu: rubani ni mmoja tu, hana msaidizi wa kushika usukani akichoka. Na viti vyao, ndege ikipata hitilafu, haviwarushi juu kama kwenye ndege nyingine za kivita. Vinawatupa chini, kupitia sakafu. Ukiwa karibu na ardhi hiyo si njia ya kuokoka. Mikanda ya viti niliipaka kwa brashi yenye nywele nne tano, nimebana pumzi, nikawa nawaza wale watatu wamekaa juu ya mlango wa kuwatupa, na chini yao giza la Ziwa Viktoria. Sikuwahi kuwawaza kabla. Kwenye hadithi ya Mwanza ndani ya ndege hamna watu. Kuna Gaddafi na kuna swala.

Mama sijamwambia hilo.

Nilichofanya ni kubadili kibao cha kusimamishia. Nilipanga lami ya uwanja wa ndege, na vigari vya mafuta pembeni. Nimeacha. Sasa nachonga mawe, haya ya kwetu ya kubebana, kwa sponji ngumu ya boksi la televisheni, na juu yake nitaweka swala. Kwa kipimo cha 1/72 swala ana sentimita moja na robo begani. Miguu ni waya wa ndani wa kebo ya simu, mwili ni puti, pembe ni nyuzi za brashi ya kufulia. Wa kwanza alivunjika shingo, wa pili puti ilimmeza miguu. Wa tatu nimemmaliza jana, nikampiga picha nikamtumia Mama bila maelezo.

Simu imeita sasa hivi, na mikono yangu bado ina kijani.

“Baba, nimekiona kidudu chako.”

“Ni swala, Mama.”

“Swala gani ana tumbo hilo? Huyo ni mbuzi. Na wa Saanane walikuwa wekundu, wewe umempaka majivu.”

Nimechanganya hudhurungi na chungwa kidogo kwenye kifuniko cha soda. Dirisha nimelifunga.