Filimbi mdomoni, miguu bado uwanjani

Jumamosi, saa tatu usiku. Goti limevimba tena. Nimeliwekea barafu ya kifuko niliyonunua kwa mama wa gengeni, na maji yanachuruzika hadi kwenye daftari la mazoezi.

Leo nimefanya tena kile nilichoapa kuacha. Mazoezi ya mpira wa kikapu yakiwa katikati nilimpokonya namba nane mpira, nikawapiga chenga wawili, nikafunga. Wasichana wakapiga makofi. Namba nane akaniuliza, wala si kwa ujeuri: "Kocha, sasa hapo mimi nimejifunza nini?" Nikapuliza filimbi, nikawaambia waende kunywa maji.

Kwa hiyo usiku huu nimerudi kwa Dawn Staley, kocha wa kikapu wa Marekani aliyewahi kuwa mchezaji. Nilipokuwa nacheza chuoni nilimpenda kwa sababu moja tu: ni mfupi, mita 1.68 hivi, pointi gadi, yule anayepanga mashambulizi, kama mimi. Amekulia Raymond Rosen, nyumba za serikali kaskazini mwa Philadelphia, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Virginia na kukifikisha nusu fainali ya taifa mara tatu mfululizo, 1990 hadi 1992. Ubingwa hakuupata. Fainali ya 1991 walifungwa na Tennessee 70-67 katika muda wa nyongeza, na bado yeye ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa mashindano. Hebu fikiria kupokea tuzo ile huku wenzako wanalia benchi.

Siku hizi navutiwa zaidi na kilichofuata. Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Temple kilimfuata awe kocha wakati bado anacheza, na ukocha haukuwa hata kwenye ndoto zake. Akakubali, lakini viatu hakuvivua. Msimu wa baridi alifundisha Temple, kiangazi akarudi kucheza WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake Marekani, akaenda hivyo hadi 2006. Katikati ya hayo akabeba bendera ya Marekani kwenye Olimpiki ya Athens 2004 na kurudi na dhahabu yake ya tatu. Nadhani ile kiu ya kucheza alikuwa na pa kuimalizia. Mimi sina, ndiyo maana naimalizia kwa namba nane, mtoto wa watu.

Halafu kuna South Carolina, chuo kikuu alichohamia kufundisha baada ya Temple. Watu wanataja mataji ya 2017, 2022 na 2024, na ule msimu wa michezo 38 bila kufungwa hata mmoja. Mimi nautazama msimu wake wa kwanza pale, 2008-09: walishinda 10, wakafungwa 18. Huyu ana dhahabu tatu, anakaa benchi anaangalia pasi zinapotea, pasi ambazo yeye angezipiga macho yamefumba. Hapo kuingia hairuhusiwi. Utaongea, utachora kwenye ubao, utasubiri. Taji la kwanza lilikuja msimu wa tisa.

Na kuna habari ya wavu. Marekani bingwa hukata wavu wa ringi akaenda nao nyumbani. Carolyn Peck, kocha wa kwanza mwanamke mweusi kutwaa ubingwa huo, akiwa na Purdue mwaka 1999, alimpa Staley kipande cha wavu wake mwaka 2015, kabla Staley hajatwaa ubingwa wa taifa kama kocha. Alipotwaa taji la 2017, naye akaukata wake vipande vipande na baadaye akawatumia makocha wanawake weusi wenzake.

Nimecheka peke yangu hapa, maana ringi zetu mbili hazina wavu kabisa. Kila mazoezi lazima ugomvi: umepita, haujapita. Leo ugomvi ulikuwa wa namba nane, baada ya ile aibu yangu. Safari hii nilikaa kwenye tofali langu nje ya mstari nikaacha wamalizane wenyewe. Kumbe wakakubaliana wautafute wavu. Mmoja baba yake anashona nyavu za samaki Mwaloni, sokoni kando ya ziwa, akaahidi kuleta kipande Jumatatu.

"Usilete wa dagaa," namba nane akamwambia. "Mpira utakwama humo humo. Leta wa sangara."