Shingo ikiwa na tatizo, anza na kiti

Wengi wakifika yadi ya magari hukimbilia injini. Mwenye pingili za shingo zilizosagika aanze na kiegemeo cha kichwa. Gari likigongwa nyuma, kiti husukuma mgongo mbele huku kichwa kikichelewa kufuata. Nafasi kati ya kichwa na kiegemeo ikiwa kubwa, shingo hupindwa zaidi.

Kaa unavyokaa ukiendesha, mtu akupimie kwa rula. Kiegemeo kisiwe chini ya utosi kwa zaidi ya sentimita 6, na nafasi ya nyuma ya kichwa isizidi 7. Ukilaza sana mgongo wa kiti, nafasi hiyo huongezeka. Kisha kivute kiegemeo juu na ukikandamize kwa nguvu: kwenye magari yaliyotumika kifungio huweza kuwa kimechoka, kikashuka chenyewe. Gari la hivyo liache, au ubadilishiwe kwanza. Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, huhesabu jaribio la shingo katika nyota zake tangu 2009, na matokeo yanasomwa bure mtandaoni.

Kugeuka nako ni kazi. Jaribu kurudi rivasi ukitumia kamera na saitimira peke yake; nguzo nene za nyuma huficha mtoto kabisa. Omba pia kupita kwenye matuta kabla ya kulipa. Tairi zenye ubavu mfupi na shokapu zilizokufa hupeleka kila mtikisiko shingoni, na safari ndefu utaijutia.