Riwaya za picha kwa watoto: fungua katikati kabla ya kulipa

Kinachowaponza wazazi wengi wanaponunua riwaya ya picha, yaani hadithi ndefu inayosimuliwa kwa katuni, ni jalada. Lina rangi, mhusika ana macho makubwa, muuzaji anasema "hiki cha watoto", basi mzazi analipa. Akifika nyumbani ndipo anakuta mateso ya gerezani ndani yake, au maneno mengi mno kwa mtoto wa darasa la tatu. Katuni haina umri maalumu. Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru alichekesha watu wazima, na jarida la Sani nalo halikuchorewa chekechea.

Kwa hiyo fungua katikati. Kurasa za mwanzo huwa za upole. Mambo mazito huanza baadaye. Kama mtoto yupo, mpe asome ukurasa mmoja kwa sauti, kisha hesabu maneno ambayo hata picha haikumsaidia kuyaelewa. Yakizidi matano, kitabu kisubiri. Kigezo hiki kina uzito hapa Dar es Salaam, kwa sababu riwaya nyingi za picha zinazofika madukani ni za Kiingereza, na mtoto wa shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili anategemea picha kuliko mwenzake wa mchepuo wa Kiingereza.

Tazama pia herufi. Vitabu vingi vya aina hii huandikwa kwa herufi kubwa tupu, na mtoto wa darasa la pili aliyezoea herufi ndogo husoma polepole mpaka anapoteza hadithi. Si mvivu. Mwanzishie zenye maneno machache, au zisizo na maneno kabisa. Mwonyeshe kwa kidole namna macho yanavyosafiri: visanduku kutoka kushoto kwenda kulia, halafu mstari wa chini, ndani ya kisanduku, puto la maneno lililo juu kushoto ndilo linalozungumza kwanza. Manga, yaani katuni za Japani, huanzia kulia, na asiyeambiwa ataanza na mwisho wa hadithi.

Kwa watoto wa miaka minane hadi kumi, chaguo langu la kwanza ni Akissi, iliyoandikwa na Marguerite Abouet na kuchorwa na Mathieu Sapin. Ni visa vifupi vya binti mtundu wa Abidjan, na mtoto wa Manzese ataitambua mitaa ile bila kuelezwa. Kuna utani wa minyoo ambao mzazi mwenye kinyaa hataupenda. Watoto wataupenda sana. Abouet huyohuyo aliandika Aya de Yopougon, iliyotoka Ufaransa mwaka 2005 kwa michoro ya Clément Oubrerie. Usidanganyike na jina la mwandishi: humo kuna mapenzi na mimba, ni ya vijana wa miaka 15 na kuendelea.

Miaka kumi hadi kumi na tatu, When Stars Are Scattered ya Victoria Jamieson na Omar Mohamed (2020) haina mshindani kwangu. Omar na mdogo wake Hassan, Wasomali, wanakulia kambi ya Dadaab, Kenya. Hassan haongei karibu kabisa, na Omar anatakiwa kuchagua kati ya kwenda shule na kumlinda. Uchungu upo, lakini damu haikuchorwa kwa kupendezesha. Baada yake mpe New Kid ya Jerry Craft, riwaya ya picha ya kwanza kushinda Medali ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka 2020.

Persepolis, kumbukumbu za Marjane Satrapi za kukulia Iran, ni kazi kubwa, ila mateso yamechorwa waziwazi. Isisomwe kabla ya miaka 14. Tintin nchini Kongo, ambayo ilianza kutoka mwaka 1930, inawachora Wakongo kwa dharau. Usimwachie mtoto peke yake.

Mzazi hulalamika kwamba kitabu cha bei kubwa kimeisha kwa nusu saa. Mara nyingi mtoto amefuata maputo tu, michoro ameiruka. Mrudishe: funika maputo ya ukurasa mmoja kwa karatasi akusimulie kinachoendelea, au muulize kimetokea nini kati ya kisanduku hiki na kinachofuata. Hapo ndipo utajua kama amesoma.

Ukinunua vya mitumba pale Posta, pitia namba za kurasa zote, hasa katikati, maana gundi ikikauka kurasa hudondoka. Juzuu ya tatu ya Akissi husomeka bila ya kwanza. Aya de Yopougon inadai kusomwa kwa mpangilio wa juzuu. Nakala za kudurufu ziache: mchoro uliotandazwa kurasa mbili humezwa na mkunjo, na maneno ya pale katikati hupotea. Nyumbani vipange wima, mbali na dirisha, kwa kuwa karatasi ya kung'aa ikipata maji ya mvua za masika hugandamana, na ukizibandua rangi inabaki upande wa pili.