Kumbukumbu ya mradi: pingu za nguruwe mwitu, toleo la mkanda

Mradi huu ni wa pingu za kumfunga nguruwe mwitu aliyekamatwa na mbwa akiwa hai, kwa mawindo ya mashariki mwa Texas. Kufikia sasa miguu ya nyuma inafungwa kwa mkanda wenye bizimu, na kamba imebaki kwa miguu ya mbele tu. Kinachosumbua bado ni jinsi ya kumfungua ndani ya trela bila mtu kuingia.

Tuanze na vilivyoondolewa. Vibanio vya plastiki vya kufungia nyaya havifai kabisa: vinakata ngozi, havilegezeki, na dume akijikunja kwa nguvu vinakatika ghafla. Kamba nyembamba ya nailoni ikilowa matope inavutika na fundo linateleza. Mkonge unashika fundo vizuri sana ila unachubua. Iliyobaki ni kamba ya poliesta iliyosukwa, unene mm 10, urefu mita 2.

Mkanda wenyewe ni wa nailoni, upana mm 38, wenye vitanzi viwili vinavyokutana kwenye pete ya chuma, kila mguu na kitanzi chake. Miguu miwili ikibanwa ndani ya kitanzi kimoja, mifupa inasagana na ngozi ya ndani inachunika. Bizimu ni ya chuma, ya pini. Zile za plastiki za kubofya zikiingia mchanga hazifungi.

Pa kuuweka ndipo penye siri. Nyuma ya mguu, juu kidogo ya kwato anazokanyagia, nguruwe ana kwato mbili ndogo zinazoning'inia. Mkanda ukae juu ya hizo. Ukikaa chini yake, anauvua kwa teke moja au mawili. Baada ya kukaza, kidole kimoja kipite kati ya mkanda na ngozi. Kama hakipiti, mguu utavimba kabla hamjafika kwenye gari.

Kazi inataka watu watatu: mmoja wa miguu, mmoja wa kufunga, mmoja wa mbwa. Mbwa wa kubana wakishamshika masikio, mtu wa miguu anaingia kwa nyuma, anashika miguu ya nyuma yote miwili na kuinyanyua. Nguvu ya nguruwe ya kusukuma inatoka nyuma. Kwato zikiacha ardhi, hana pa kujikazia. Hapo anavutwa upande mpaka alale ubavu, na goti linawekwa begani kutokea upande wa mgongo. Usikae upande wa tumbo hata kwa sekunde moja. Chonge za chini za dume hujinoa zenyewe kwa kusuguana na za juu, na kichwa chake hukata kwa kutupa kuelekea juu. Paja la mtu aliyechuchumaa liko usawa huohuo.

Miguu ya nyuma inafungwa kwanza, kisha ya mbele. Mbwa hawaachishwi mpaka pingu zote zikazwe. Mdomo tunaufunga wakati wa kumbeba tu, kitanzi kikipita nyuma ya chonge za juu, na kinatolewa mara moja. Nguruwe hapoi kwa jasho, anapoa kwa kuhema, kwa hiyo mdomo uliofungwa baada ya mbio ndefu unaweza kumuua. Kitambaa juu ya macho kinamtuliza zaidi kuliko kamba ya nyongeza. Alazwe ubavu kivulini, amwagiwe maji, asilazwe chali wala asirundikwe juu ya mwenzake.

Dume mkubwa, wa kilo 90 na kuendelea, kwa maoni yetu hafungwi, anauawa palepale. Hakuna nyama inayostahili mshipa wa paja.

Glavu za mpira huvaliwa tangu kumshika. Nguruwe hawa hubeba brusela, bakteria ambayo humwingia mtu kupitia damu na majimaji ya uzazi penye mchubuko. Ugonjwa wa Aujeszky, ambao ni wa virusi vya nguruwe, kwa kawaida hauwapati watu, lakini mbwa akiupata hufa.

Kwa sheria ya Texas nguruwe mwitu haruhusiwi kuhamishwa na kuachiwa porini kwingine. Anapelekwa machinjioni, au kituo kilichoidhinishwa na Texas Animal Health Commission (tume ya afya ya mifugo ya jimbo), au shamba la mawindo lenye kibali, na kwenye shamba hilo huenda madume tu.

Sasa tunajaribu ncha ya mkanda yenye kamba ndefu inayopitishwa kati ya vyuma vya trela. Pini ya bizimu imebadilishwa kuwa pini ya kuchomoa, na ikivutwa kutoka nje vitanzi vyote viwili vinaachia. Ikiwa safi inafanya kazi. Matope yakikaukia juu yake inakwama, kwa hiyo toleo lijalo litakuwa na pini nene zaidi na tundu pana.